Karatasi ya Mstari Mmoja

Juzi binti yangu wa mwisho alinunua mpira mpya wa baiskeli, ule wa ndani, sokoni Kikula, mtaani kwetu. Akaufungua mbele yangu, bado umepakwa unga mweupe wa dukani, na ile harufu ikanipanda puani nikaacha kutafuna. Akaniuliza, "Papa, iko nini?" Nikamwambia si kitu, leta pampu. Uongo mtupu. Ilikuwa kitu, tena kitu ambacho kila nikikikumbuka nakasirika upya, na kwa umri huu kukasirika kunanichosha.

Lakini harufu ya mpira haina adabu, haiji na kumbukumbu moja. Kwanza ilinipeleka kwenye barabara ya Mwadingusha, nikiwa mtoto wa miaka mitano hivi, nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya baba, miguu imefungwa kwa kitambaa nisije nikaitia kwenye spoki. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipata kufanya kazi kule Mwadingusha, kwenye bwawa, miezi michache, na tangu arudi hakuna mtu aliyepumzika nyumbani. Akinywa chai, atatuambia jinsi maji ya mto Lufira yanavyoanguka. Akivua viatu, maji ya Lufira. Basi siku moja akaamua nikayaone kwa macho yangu. Tukaondoka asubuhi sana, na hata hatujafika mbali, mpira wa nyuma ukapasuka. Akageuza baiskeli miguu juu, akauchomoa mpira, akaupitisha polepole kwenye midomo yake ili asikie upepo unatokea wapi, akaziba. Tukapanda. Ukapasuka tena. Mara ya tatu lori likasimama, dereva akatoa kichwa, akasema weka baiskeli nyuma, pandeni. Baba akamjibu, "Aksanti sana, minye mwenyewe natengeneza." Akatengeneza. Ukapasuka. Jua la mchana lilitukuta tunarudi Likasi kwa miguu, na maji yale sikuyaona mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na kusema kweli sikushangaa sana.

Huyo ndiye alikuwa baba. Mtu wa minye mwenyewe.

Mara ya pili harufu hiyo ilikuja ikanikalia usoni kabisa. Nilikuwa na miaka tisa. Jino la nyuma upande wa kushoto chini lilikuwa limeoza, na mganga wa meno kwenye dispensari alilivuta kwa koleo, mimi nimeshikwa na watu wawili, jino likakatika, mizizi ikabaki ndani ya mfupa. Akasema itatoka yenyewe. Haikutoka. Shavu likaanza kuvimba kama nimeficha pera mdomoni. Kila jirani akaja na dawa yake: karafuu, chumvi ya moto, majivu ya tumbaku. Mmoja akashauri tone la maji ya betri, mama akamfukuza na ufagio, na hapo mama alikuwa na haki. Alizaa mara nne, nikabaki mimi peke yangu. Hakuwa mtu wa kujaribu betri.

Tukaenda hospitali. Daktari wa kupasua alikuwa anakuja mjini siku ya ine tu, yaani Alhamisi, akiwapasua watu wake mpaka saa saba kisha anaondoka. Akanitia kijiti mdomoni, akatazama, akasema mizizi itafuatwa ndani ya mfupa, na mtoto lazima alazwe usingizi wa dawa. Akamwachia nesi atueleze. Nesi huyo aliitwa Mama Veronika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuza mbuzi, na alieleza kwa vidole:

"Siku ya tatu magaribi atakunywa uji mwepesi, basi. Kisha hapana bukari, hapana mayi, hapana hata muwa ya kutafuna. Kama iko na kitu mu tumbo, atatapika mu usingizi, itaingia mu pumzi, atakufa. Munasikia? Atasukutua na mayi ya chumvi, lakini asimeze. Mutamuosha na sabuni, mutamukata makucha. Muje na shuka na beseni. Na mwenye mutoto akuye asinye karatasi."

Sote tulisikia mambo ya uji. Hakuna aliyesikia lile la mwisho, la kusaini karatasi.

Sijui kama ninyi mmewahi kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye njaa asubuhi ya Kikula. Mama jirani alikuwa anakaanga mikate ya mafuta ukutani kwetu kabisa, kila siku, na siku hiyo naona aliongeza mafuta makusudi. Nilisukutua maji ya chumvi nikitamani kumeza hata yale. Hospitali wakanivika gauni la kijani lililo wazi nyuma, matako yangu yote kwenye upepo wa korido. Mama Veronika akasema vyuma vyote vitoke mwilini. Mama akanivua medali yangu ya Bikira Maria shingoni, akageuka kama anatafuta kitu, akanifungia kwenye kidole cha mguu. Nikapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu. Bado hatua kumi tufike kwenye mlango wa kupasuliwa, Mama Veronika akatoa karatasi yake. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, na chini ilikuwa na mstari mmoja.

"Mwenye mutoto njo nani?"

"Minye," baba akasema, na kalamu tayari mkononi. Baba alipenda kusaini. Saini yake ilikuwa na mkia mrefu wa kuzunguka, alioujifunza peke yake.

Mama akamshika mkono. "Baba Ngoie, ngoja. Yomba yake hajui kitu."

Yomba, ndivyo tunavyomwita mjomba. Na hapa lazima nisimame niwaeleze, maana wengine wenu baba na mama ni watu wa kwao kumoja, hamjui raha ya kuwa na wenyewe wawili. Baba alikuwa Muluba wa upande wa Bukama. Kwao mtoto ni wa baba, kwisha maneno. Mama alikuwa Mulamba wa upande wa Kipushi. Kwao mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mkubwa wa tumbo hilo ni kaka yake mama. Baba ni mgeni mwema anayekaa ndani ya nyumba. Mjomba ndiye anayekuoza, ndiye anayeulizwa ukiumwa, na siku akifa, mwipwa wake, mtoto wa dada yake, ndiye anayeitwa kuchukua jina lake na shoka lake, nyumba ile isizimike. Mji wetu umejaa ndoa za namna hiyo. Watu walikujia kazi za shaba kutoka kila upande, wakapendana, wakafunga ndoa kanisani, na padri aliwauliza maswali yote isipokuwa hilo.

Baba akasema karatasi ni ya hospitali, si ya kijiji. Mama alikaa chini, akanyoosha miguu, katikati ya mlango wa kupasuliwa, kitanda hakipiti.

"Mama," nesi akasema, "hii ni mulango ya bagonjwa, hapana mulango ya mashauri."

"Najua."

"Basi simama."

"Mukimupasua bila kaka yangu, na akifa, mutanizika naye. Mupite juu yangu."

Daktari akachungulia, akatazama saa yake, akaita mtu mwingine. Nikavikwa kaptula yangu. Nyumbani nikala bukari, ule ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, kwa upande mmoja wa mdomo, nalia kwa maumivu na kwa utamu pamoja.

Basi habari ikatumwa kwa treni, kwa mdomo wa msafiri, na Jumatatu Yomba Kabamba akafika. Alikuwa mchoma makala, yaani makaa, mrefu, mkavu, mwenye koti zito hata kwenye joto na kofia ambayo sijui iliwahi kuwa na rangi gani. Alikuja na jogoo kwapani na gunia la viazi vitamu. Mimi nilimpenda, lazima niseme. Kila akija alinikalisha gotini na kunitajia majina ya wajomba wa wajomba zake, mmoja mmoja, mpaka anafika kwake, kisha anagonga kifua changu kwa kidole, bila kusema neno. Nilidhani ni mchezo.

Safari hiyo hapakuwa na mchezo. Walianza kabla jogoo hajafunguliwa miguu.

"Mulamu," Yomba akamwambia baba, kwa kuwa alikuwa shemeji yake, "nasikia ulitaka kulalisha mutoto yangu usingizi ya dawa."

"Mutoto yako? Nani anamulisha?"

"Kulisha! Hata mwenye hoteli iko analisha bantu. Njo batoto yake?"

"Mulamu, usinichokoze mu nyumba yangu. Minye nilimupa jina!"

"Jina ulimupa. Tumbo ulitoa wapi?"

Mama akaja na munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi, kizuri, kibaridi, ili wapoe. Wakanywa. Wakaendelea. Wakanywa. Siku mbili. Mimi shavu linapiga kama ngoma na hakuna aliyeniuliza kitu. Jumatano jioni, baada ya uji wangu wa mwisho, wakapatana: watasaini wote wawili. Wakapeana mikono, mama akapiga kigelegele, wakamimina tena munkoyo, na mimi nimekaa kati yao nimekatazwa hata kulamba kikombe.

Hamuoni penye kosa? Hata wao hawakuona. Kesho yake, gauni, upepo, medali kwenye kidole cha mguu, korido. Mama Veronika akasikiliza mapatano, akapumua kwa pua, akasema haya, wawili, lakini upesi. Baba, kwa heshima aliyoahidi, akamwachia mgeni atangulie. Yomba hakujua kuandika. Nesi akaleta kibweta cha wino wa zambarau. Yomba akavua koti. Akakunja mkono wa shati. Akalowesha dole gumba lake la mchoma makala, pana kama kijiko cha supu, akaliweka katikati ya ule mstari na kulikandamiza na kulizungusha kama mtu anayeua kunguni. Alipolitoa, mstari haukuwepo tena. Palikuwa na dole la Yomba, zambarau, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

Baba akaitazama karatasi. "Minye nitasinye wapi?"

"Chini yake," nesi akasema.

"Chini ya kidole?"

"Basi kandokando."

"Minye ni muntu ya kandokando?"

"Mulamu," Yomba akasema, akijifuta wino kwenye suruali, "nafasi iko. Kata tu ule mukila ya saini yako."

Nawaapia alisema kwa utani. Lakini kile alichokigusa ni mkia wa saini ya baba. Baba akaichukua karatasi akaichana vipande viwili, kisha vinne. Na ilikuwa ya mwisho mkononi mwa nesi. Karatasi nyingine zilikuwa kabatini, ufunguo wa kabati alikuwa nao karani, na karani alikuwa kwenye msiba. Daktari akachungulia, akatazama saa yake.

Sasa niseme yale ambayo sikuweza kuyasema siku ile kwa sababu ya shavu. Mlikuwa watu wazima! Mmoja anachomelea chuma kikashika miaka hamsini, mwingine anajua kwa kunusa moshi kama makala yameiva, na wote wawili mlishindwa na kipande cha karatasi, mtoto wenu wa pekee analala mbele yenu matako wazi! Mungu anisamehe, wamekwisha kufa, siwezi tena kuwapigia kelele. Inabaki ninyi mnisikilize.

Wiki ya tatu ikawa si utani tena. Homa ilinishika Jumapili. Shavu likapanda mpaka jicho la kushoto likajifunga, na mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole tu. Mama Veronika alituma mtu nyumbani kutuambia kwamba Alhamisi hiyo ndiyo ya mwisho, daktari anakwenda likizo kwao, na atakayekuja baadaye hajulikani, na hali hii haingoji. Baba na Yomba walisikia. Hawakupatana, hawakugombana, waliacha tu kusemezana. Baba alikaa upande wa mlango, Yomba upande wa jiko.

Jumatano jioni, jua bado lipo, mama alinikalisha uani kwenye beseni akaniosha kwa sabuni, na Yomba akaja kushika kikombe cha maji ya chumvi. Nilipomaliza kusukutua akaniambia, "Geukia jua, fungua kinywa." Nikafungua kadiri nilivyoweza. Akainama. Nilimwona anapokea ile harufu ya kuoza. Kichwa chake kilirudi nyuma kidogo, akakilazimisha kurudi palepale.

"Inauma, mwipwa?"

Nilikuwa nimechoka na watu wote. Nikasema, "Inauma. Na njala inauma. Na weye na baba munaniuma kupita jino."

Mama akanipiga kofi la bega lenye povu. Lakini mama alipompakulia Yomba bukari yake baadaye, aliimega, akaiviringa, akaitazama, akairudisha kwenye sahani. Hakula. Na asubuhi hakula. Nilifikiri anaringa.

Tukafika hospitali. Hatua kumi. Safari hii Mama Veronika alikuwa amekificha kibweta cha wino, nilikitafuta kwa jicho langu moja sikukiona. Akainyoosha karatasi mpya.

"Nitauliza mara moja tu. Mwenye mutoto njo nani?"

Baba alimtazama Yomba. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Yomba akavua kofia.

"Mulamu, andika. Na mukila yake yote."

"Na weye?"

"Kwetu nitasema mutoto ni ya baba yake."

Mama akalia, "Yaya! Yaya, hapana!" Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa. Nami sikuelewa analia nini. Tumeshinda! Karatasi inasainiwa! Baba alisaini, bila mkia, kisha magurudumu yakaanza kulia chini yangu, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa na njaa. Ndani wakaniwekea usoni kikombe cha mpira cha dawa ya usingizi, baridi, na harufu ya tyubu mpya na utamu mbaya juu yake, na mtu akaniambia pumua. Nikapumua kwa bidii. Niliamka pamba imejaa mdomoni, mizizi mitatu ndani ya chupa, na neno langu la kwanza lilikuwa bukari. Walinipa maji kwa kijiko. La pili lilikuwa Yomba yuko wapi, na baba akasema ametoka kuvuta hewa.

Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi nilipokwenda kijijini kwake, baada ya kusikia, kwa kuchelewa sana, kwamba amefariki. Nilikuta nyumba imeanguka ukuta mmoja. Mama mmoja mzee akaniuliza mimi ni nani, nikamweleza. Akanitazama bila chuki. Akasema alipokuwa mahututi walimwuliza nani aitwe kuchukua jina, maana alikawia kufa, aliweza bado kusema; na yeye akajibu hana mwipwa, alikuwa naye akampa baba yake. Dada alikuwa mmoja, na huyo dada alikuwa na mtoto mmoja. Jina halikuchukuliwa na mtu. Shoka walilizika naye.

Nikakaa pale kwenye kigogo. Miaka yote nilikuwa nimewakasirikia wote wawili sawasawa, nikimwona yeye kuwa mkaidi aliyechoka kwanza, basi. Kumbe baba aliweka saini tu. Aliyetoa kitu siku ile, na hakuwa na kingine, ni yule mwenye njaa mwenzangu. Na nilikuwa nimemwambia ananiuma kupita jino.

Hata sasa nakasirika. Ninakasirika kwamba karatasi haikuwa na mistari miwili, kwamba baba hakumfuata Yomba nje, kwamba mama hakuondoka mlangoni ile siku ya kwanza, kwamba mimi sikumwita. Kwa maana nilimwona. Magurudumu yalikuwa yameanza, nilikuwa chali, na kwa jicho lile moja lililofunguka niliona korido yote kinyumenyume: kina mama waliokaa na mabeseni yao, mlango wa mwisho, mwanga wa uani. Alipita katikati yao, koti mkononi, na mwanamke mmoja akavuta miguu ili apite. Hakugeuka. Alifika mlangoni, akavaa kofia, akashuka ngazi, akaenda zake, wala hakurudi tena kwetu.